Sweta ya Sufu Ndani ya Beseni

Chukua unywele mmoja wa kichwani, mrefu kidogo na ulionyooka. Ubane kati ya kidole gumba na cha shahada, ulale kwa urefu wake juu ya kidole. Sasa sogeza kidole gumba mbele na nyuma, taratibu, bila kuubana sana. Baada ya muda mfupi utauona unywele unatembea: upande mmoja wa vidole unazidi kurefuka na upande wa pili unazidi kufupika. Ugeuze, kilichokuwa kulia kiwe kushoto, kisha urudie. Utatembea tena, lakini sasa kuelekea upande wa pili. Kidole chako kimekwenda mbele na kurudi nyuma kwa kiasi kilekile, ila unywele umekwenda upande mmoja tu, na siku zote shina lake, yaani ile ncha iliyokuwa ndani ya ngozi, ndilo linalotangulia.

Anayejua kwa nini unywele huo unatembea amekwisha kujua kwa nini sweta nzuri ya sufu hutoka kwenye beseni ikiwa ngumu, nene, na haimtoshi tena mwenyewe. Nimeanzia hapo kwa sababu ushauri tunaopewa juu ya nguo za sufu ni makatazo matupu: usitumie maji ya moto, usifikiche, usikamue, usianike kambani, ipeleke drai klina. Katazo lisilo na sababu ama husahaulika, ama humfanya mtu aiogope nguo yake mwenyewe. Wapo watu wa Makete, Njombe, Lushoto na Limuru wanaonunua sweta nzuri kabisa za mtumba, kisha wanazivaa msimu mzima wa baridi bila kuzifua hata mara moja, kwa hofu tu. Hofu hiyo haina haja.

Tuanze na kitu chenyewe. Sufu ni nywele za kondoo, ingawa si za kila kondoo. Kondoo wetu wengi wa asili wa Afrika Mashariki, akiwemo yule mwekundu wa Kimaasai, wana nywele fupi zisizofaa kusokotwa nyuzi. Sufu hutoka kwa aina kama merino na korideli, ambao huku kwetu hufugwa kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama Molo na Nyandarua nchini Kenya. Unywele wa merino ni mwembamba sana: unene wake ni kati ya mikroni 15 na 24, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Wa kwako kichwani una mikroni 50 hadi 100. Huo wembamba ndio unaoifanya sweta ya merino isiwashe shingoni.

Ukiuweka chini ya hadubini, utaona unywele wa sufu haukuwa laini kama ulivyodhani. Umefunikwa na magamba madogo yaliyopangwa kama makuti ya paa, kila safu imelalia inayofuata, na kingo zote zimeelekea kwenye ncha ya unywele. Kinachopita juu yake kutoka shinani kwenda nchani huteleza. Kinachotoka nchani kwenda shinani hugonga kingo za magamba na kukwama. Rudi sasa kwenye vidole vyako. Kidole kilipokwenda kuelekea nchani kiliteleza, unywele ukabaki mahali pake. Kilipokwenda kuelekea shinani kilinasa kwenye magamba, kikauvuta unywele pamoja nacho. Rudia mara nyingi, na unywele utakuwa umesafiri, shina mbele. Magamba huruhusu mwendo upande mmoja na kuuzuia upande wa pili.

Sasa acha unywele mmoja, fikiria maelfu kwa maelfu yaliyomo kwenye mkono mmoja tu wa sweta. Mengine yameelekea huku, mengine kule. Kila unapobinya kitambaa na kukiachia, kila unywele unapiga hatua ndogo upande wa shina lake, na hauwezi kurudi. Unapita katikati ya wenzake, unajifunga kwao, unawavuta. Wenzake nao wako safarini, wanauvuta wao pia. Nafasi zote zilizokuwa kati ya uzi na uzi zinazibwa. Kitambaa kinapungua urefu na upana, na kwa kuwa sufu yenyewe haijapotea, kinaongezeka unene. Ukijaribu kukivuta kirudi, unavuta fundo la mamilioni ya nywele ambalo hakuna mkono unaoweza kulifungua.

Hapa lazima tuulize maji yana kosa gani. Kulijibu swali hilo inabidi tuingie ndani ya unywele, chini ya magamba.

Ndani mna keratini, protini ileile inayojenga kucha zetu na pembe za ng'ombe. Katika miaka ya 1930, William Astbury wa Chuo Kikuu cha Leeds, katika eneo la Uingereza lililoishi kwa biashara ya sufu, alipitisha mionzi ya eksirei kwenye nywele zilizovutwa na zisizovutwa, akaona picha zinabadilika. Aligundua kwamba molekuli za keratini zimekunjamana, na unywele ukivutwa hukunjuka. Mwaka 1951 Linus Pauling na wenzake wakaeleza umbo lenyewe: ni msokoto. Ndiyo maana sufu hunyumbuka. Kunyumbuka huko kumo kwenye molekuli zake kabla hata fundi hajasokota uzi.

Misokoto hiyo imeshikana kwa vifungo vya namna mbalimbali, na viwili vinatuhusu. Kimoja ni dhaifu, kifungo cha haidrojeni: kiko kwa wingi mno, maji hukifungua kirahisi, na unywele ukikauka kinajifunga upya. Kingine ni imara, kifungo cha salfa kwa salfa, ambacho maji peke yake hayakigusi. Yeyote aliyekaa saluni anavijua vyote viwili hata kama hajui majina yake. Nywele zilizonyooshwa kwa chanuo la moto hurudi kujisokota mara tu zikinyeshewa, kwa kuwa chanuo lilipanga upya vifungo dhaifu tu. Zilizotiwa dawa kali ya kulainisha hazirudi, kwa kuwa dawa hiyo ni alkali kali, mara nyingi sodiamu haidroksaidi, nayo imevunja vile vya salfa. Kumbuka hilo. Tutakapofika kwenye sabuni litatufaa.

Keratini inapenda maji kupita kiasi. Sufu inaweza kunyonya unyevu wa hewa hadi karibu theluthi moja ya uzito wake bila mtu kuhisi kwamba imelowa. Ukiizamisha majini, kila unywele unavimba: unene wake unaongezeka kwa asilimia 16 hivi, huku urefu ukiongezeka kwa asilimia 1 tu. Vifungo dhaifu vinafunguka. Unywele unakuwa laini, unapinda kirahisi, unavutika kuliko ulipokuwa mkavu, na nguvu zake zinapungua. Tena ile tofauti ya msuguano kati ya upande wa kuteleza na upande wa kukwama inazidi kuwa kubwa. Kwa maneno mengine, maji yamezilainisha nywele na kuzitayarisha kwa safari. Joto likiongezeka zinalainika zaidi. Povu la sabuni linawapa wasafiri utelezi.

Lakini hakuna aliyetembea bado. Sufu iliyolowa na kutulia haifungamani. Kinachohitajika ni mkono wa kufikicha, au mashine ya kuzungusha, au mtu anayekanyagakanyaga nguo kwenye karai. Maji, joto na sabuni ni wasaidizi; mhusika mkuu ni mwendo. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote, kwa sababu linamwambia wapi aweke uangalifu wake. Wengi huhangaika na joto la maji, wakiyapima na kuyapoza, kisha wanaisugua sweta kwa nguvu kwenye maji hayohayo ya vuguvugu waliyoyatayarisha kwa uangalifu mkubwa.

Kuna kusinyaa kwa aina nyingine ambako si ugonjwa. Sweta inapofumwa kiwandani nyuzi zake huvutwa. Ikilowa mara ya kwanza, vifungo vinafunguka na nyuzi zinarudi kwenye urefu wake wa kawaida, nguo ikapungua kidogo. Hiyo ivute kwa upole ingali mbichi, itarudi kwenye kipimo chake. Iliyofungamana kwa magamba hairudi, na anayekuahidi kuirudisha kwa kondishena ya nywele anakupa matumaini makubwa kuliko kazi yenyewe.

Binadamu walianza kuitumia tabia hii ya sufu kwa makusudi zamani sana. Kwenye makaburi ya Pazyryk, katika Milima ya Altai huko Siberia, barafu ilihifadhi kwa zaidi ya miaka 2,000 vitu vya felti vyenye rangi na mapambo, ambavyo leo vimo kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg. Felti ni kitambaa kisichofumwa wala kushonwa. Wafugaji wa Mongolia, ambao nyumba zao za duara zimefunikwa kwa felti mpaka leo, hutandaza sufu safu juu ya safu, huinyunyizia maji, huikunja kwenye mti mrefu, na kuiburuta kwa farasi uwandani hadi nywele zote zifungamane. Hakuna uzi, hakuna gundi. Maji na mwendo vinatosha kujenga ukuta unaozuia upepo wa nyikani. Mashine ya kufulia iliyowekwa kwenye mzunguko wa kawaida inafanya kazi ya yule farasi, ila juu ya sweta yako.

Sasa sabuni. Ukali wa maji hupimwa kwa pH, kuanzia 0 hadi 14: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali. Keratini hutulia zaidi karibu na 5. Sabuni ya mche iko kwenye 9 au 10, na sabuni nyingi za unga hupita 10. Magadi, ambayo wengine huyaongeza kwenye maji ya kufulia, hukaribia 11. Hiyo si nguvu ya dawa ya saluni, lakini ni njia ileile: alkali huuvimbisha unywele zaidi, na ikikaa muda mrefu kwenye maji ya moto huanza kula vifungo vya salfa, vile ambavyo maji hayakuvigusa. Nguo inakuwa na ukakasi, inageuka rangi kuelekea manjano, inachakaa mapema. Pamba haina tatizo hilo, kwa sababu si protini. Imejengwa kwa selulosi, na selulosi huvumilia alkali vizuri. Ndiyo sababu mazoea yetu ya kufua kanga na shuka, ambayo ni sahihi kabisa kwa kanga na shuka, ni hatari kwa sufu.

Sabuni nyingi za unga zina jambo la pili, nalo huandikwa kwenye pakiti kwa fahari: vimeng'enya vya kuondoa madoa. Baadhi ya vimeng'enya hivyo ni vya kumeng'enya protini, vimewekwa kwa ajili ya damu, mayai na maziwa. Havina njia ya kutofautisha protini ya yai na protini ya sweta.

Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isikaribie sufu kabisa. Atakayetaka kuona kwa macho yake achukue uzi mmoja wa sufu, auweke kwenye kikombe cha kioo chenye dawa hiyo kiasi cha vijiko viwili, mahali penye hewa, na asichanganye na kitu kingine chochote, hasa siki, kwa kuwa klorini na asidi hutoa gesi ya sumu. Uzi utaanza kutoa vipovu, utageuka manjano, utakonda, na baada ya muda hautauona tena. Haukufifia, umeyeyuka. Uzi wa pamba ukiwekwa pembeni yake utabaki. Maabara za nguo hutumia tabia hii kupima ni sehemu gani ya kitambaa ni sufu na ipi ni pamba.

Basi kinachofaa ni sabuni ya maji isiyo na ukali, iliyoandikwa kwamba ni ya sufu na hariri. Asiyeipata atumie shampuu ya kawaida ya nywele, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya keratini, na pH yake kwa kawaida ni kati ya 5 na 7.

Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo ningependa kila mnunuzi wa mtumba aanze nalo: hii ni sufu kweli? Sweta nyingi zinazotundikwa kwenye masoko ya Karume au Gikomba ni za akriliki, uzi wa kiwandani uliotengenezwa ufanane na sufu, na mara nyingi lebo imeshakatwa. Chomoa uzi mfupi kutoka upindo wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sinia la chuma, uuwashe kwa kiberiti. Sufu huwaka kwa kusitasita, hujizima ukiondoa moto, hunuka kama nywele zilizoungua, kwa sababu ni nywele na harufu hiyo ni ya salfa, na huacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Akriliki huwaka upesi, huyeyuka, na huacha punje ngumu isiyovunjika. Ukipata vyote viwili, nguo ni ya mchanganyiko, nawe ifue kama sufu. Ikiwa ni akriliki tupu, haina magamba wala haifungamani; ogopa tu pasi ya moto, maana itailegeza isirudi tena.

Tugeukie drai klina. Jina linadanganya kidogo, kwa sababu nguo hulowa chapachapa, ila kimiminika chenyewe si maji. Kanuni ni kwamba vitu vinavyofanana huyeyushana: mafuta huyeyuka kwenye viyeyushi vya jamii ya mafuta, chumvi na sukari huyeyuka kwenye maji. Viyeyushi vya drai klina havipendi maji, na keratini haivipendi. Haviingii ndani ya unywele, havifungui vifungo vya haidrojeni, haviuvimbishi. Nywele zinabaki ngumu na kavu kwa ndani, hata mashine inapozungusha nguo safari hazianzi. Uchafu wa mafuta, pamoja na vumbi lililonaswa humo, unaondoka.

Mtu wa kwanza anayejulikana kupata hataza ya njia ya namna hiyo ni Thomas L. Jennings, fundi cherehani Mwafrika Mmarekani wa New York, tarehe 3 Machi 1821. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kupewa hataza nchini humo. Maelezo ya njia yake yaliteketea kwenye moto ulioiunguza ofisi ya hataza mwaka 1836, hivyo kilichobaki ni jina la uvumbuzi na sifa yake. Baadaye katika karne hiyo kazi ikaenea Paris na kwingineko kwa kutumia tapentaini na viyeyushi vya petroli, na karakana zikaungua mara kwa mara. Karne ya 20 ikaleta tetrakloroethilini, ambayo haishiki moto, na kwa hilo ilipokelewa kama mkombozi. Inachemka kwenye nyuzi 121, ni nzito kuliko maji, na ndiyo iliyojenga biashara hii duniani. Leo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linaiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kuiondoa kwenye drai klina hatua kwa hatua katika muda wa miaka 10. Ukichukua nguo yako drai klina na ina harufu tamutamu ya dawa, ivue plastiki na uitundike barazani penye upepo kabla ya kuiingiza chumbani.

Habari za karakana hizo zilizoungua zinatosha kumwonya mtu anayetoa doa la grisi kwa petroli au mafuta ya taa nyumbani. Sufu ikisuguliwa hutoa cheche za umeme tuli, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche moja. Acha kabisa.

Kanuni hiyohiyo ya kufanana inatuonyesha udhaifu wa drai klina. Jasho ni maji yenye chumvi. Soda na chai ni maji yenye sukari. Kiyeyushi kisicho maji hakiviyeyushi vizuri, ndiyo maana wenye kazi huongeza maji kidogo na sabuni maalumu. Sweta iliyolowa jasho, kwa maoni yangu, hutoka safi zaidi kwenye beseni la nyumbani lenye uangalifu kuliko kwenye mashine ya drai klina, na kwa gharama ya kijiko cha shampuu.

Lebo je? Duara peke yake lina maana ya usafishaji wa kitaalamu: herufi P ndani yake humwambia fundi atumie ile tetrakloroethilini au viyeyushi vilivyo laini zaidi, F inamwekea mpaka kwenye vile vya jamii ya petroli, na W ni usafishaji wa kitaalamu kwa maji. Beseni lililochorwa msalaba ni katazo la kufua. Lakini lebo ina historia ya kisheria pia. Kanuni ya Marekani iliyotungwa mwaka 1971 humtaka mtengenezaji aeleze angalau njia moja salama ya kutunza nguo; hailazimishi azitaje zote. Anayetaja drai klina hajasema kwamba maji yataiua nguo. Huenda hakutaka tu kujisumbua.

Huenda pia ana sababu nzito, na sababu hiyo mara nyingi haiko kwenye sufu. Pasua suti kwa mawazo yako. Kifuani, kati ya kitambaa cha nje na bitana, kuna kitambaa kigumu cha kuipa umbo, kimeshonwa au kimegandishwa kwa gundi inayoyeyuka kwa pasi. Mabegani kuna pedi. Bitana mara nyingi ni viskosi, ambayo ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Kila kimoja kinavimba kwa kipimo chake na kukauka kwa kipimo chake. Sufu inaweza kutoka salama, na suti ikawa imeharibika: kifua kina viputo, bitana inachungulia chini ya pindo, bega limepinda. Kwa hiyo suti na koti lenye bitana usilizamishe. Vivyo hivyo joho la arusi la pwani, lililoshonwa kwa sufu na kutiwa zari shingoni; zari ina mambo yake na sufu ina yake. Lakini sweta, skafu, shali, soksi, blanketi dogo, na kile kilemba cha sufu laini ya Kashmir kinachovaliwa na Waomani, hivi ni kitambaa kimoja kisicho na tumbo la siri. Vinafulika, mradi rangi imejaribiwa: bonyeza kitambaa cheupe kibichi kwenye upindo kwa dakika moja, kikibaki cheupe endelea.

Jaza beseni pana maji ya nyuzi 30 hivi. Huhitaji kipimajoto. Ngozi ya mkono iko juu kidogo tu ya hapo, kwa hiyo maji yanayofaa ni yale ambayo mkono ukizama hauhisi joto wala baridi ya maana. Dar es Salaam na Mombasa maji ya bombani mara nyingi yako hapo tayari. Njombe mwezi wa Julai utaongeza ya birika. Tia kijiko kidogo cha shampuu kwa lita tano, koroga mpaka ichanganyike, ndipo uiingize nguo, ikiwa imegeuzwa ndani nje. Kufungulia bomba juu ya nguo ni kuipiga, na kupiga ni mwendo. Ibonyeze izame, iache dakika 10. Katika dakika hizo sabuni inafanya kazi ambayo mkono unatamani kuifanya: molekuli zake zinashika mafuta kwa mkia mmoja na maji kwa kichwa, zinauinua uchafu. Ibonyeze mara chache kwa kiganja kilichofunguka, kwenda chini na kuachia. Shingo na makwapa yapate tone la sabuni na kubonyezwa zaidi, bila kufikichwa.

Kuitoa ndipo wengi wanapoiumiza. Usiinyanyue kwa mabega. Sweta iliyolowa hubeba maji mengi, na nywele zake wakati huo ni dhaifu na zinavutika, kwa hiyo uzito huo utairefusha hapohapo mbele yako. Mwaga maji nguo ikiwa imeshikiliwa upande mmoja wa beseni, kisha ipakate yote kwa mikono miwili. Isuuze kwa njia ileile kwenye maji ya joto lilelile mpaka povu liishe. Maji ya mwisho yanaweza kutiwa vijiko viwili vya siki, yairudishe pH karibu na 5, nayo sufu italainika. Siki isitangulie kabla sabuni haijaisha, hasa kwa aliyetumia sabuni ya mche: asidi huigeuza sabuni hiyo kuwa mafuta, na mafuta hayo yataganda kwenye nguo.

Usisokote kukamua. Tandaza taulo kavu, laza nguo juu yake, vikunje pamoja kama unavyokunja mkeka, ubonyeze kwa viganja au upige goti. Taulo litanyonya. Kisha itandaze sweta juu ya mkeka au wavu, kivulini penye upepo, uipe vipimo vyake kwa mikono: urefu wa mikono, upana wa kifua, mstari wa shingo. Wakati huu vifungo vya haidrojeni viko wazi, na vitajifunga kwa umbo lolote utakalokuwa umeiachia. Jua kali huifanya sufu igeuke manjano, hivyo kivuli si anasa.

Suti nayo haikuachwa bila dawa. Itundike kwenye hanga pana usiku kucha mahali penye hewa. Unyevu wa hewa huingia kwenye nywele, hufungua vifungo kiasi, na mikunjo mingi hujinyoosha yenyewe. Vumbi litolewe kwa brashi. Pasi iwe chini ya nyuzi 150, ambazo kwenye lebo ni nukta mbili, ipitie juu ya kitambaa kibichi cha pamba, ikiwekwa na kuinuliwa badala ya kuburutwa. Anayetumia pasi ya mkaa aijaribu kwanza kwenye kitambaa hicho. Kikianza kukauka na kubadilika rangi papo hapo, pasi ingoje.

Nguo ikishakauka kabisa, ndipo iwekwe. Nondo anayeruka hali sufu. Wanaokula ni viwavi wake, ambao ni miongoni mwa wadudu wachache wanaoweza kuvivunja vile vifungo vya salfa tumboni mwao, na hustawi zaidi kwenye nguo yenye jasho na mabaki ya chakula. Nguo safi ndani ya mfuko uliofungwa vizuri iko salama. Wengi huongeza vidonge vya naftalini. Kwa nguo na blanketi za mtoto mchanga visitumike: mvuke wake huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo si haba katika maeneo yetu yenye malaria. Blanketi la mtoto lifuliwe, likauke, lifungwe kwenye mfuko, basi.